Bunge Liitwe Kabla au Baada? Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda katika Kuridhia Mikataba ya Kimataifa

Mwezi Machi 1900, Apolo Kagwa na wenzake wawili waliokuwa wakimshikia kiti Kabaka (mfalme wa Buganda) Daudi Chwa, mtoto ambaye hakuwa ametimiza hata miaka minne, walitia saini hati iliyoletwa na Sir Harry Johnston kwa niaba ya Serikali ya Uingereza. Waganda huiita Endagaano ya 1900. Ardhi ya mailo, yaani ardhi inayomilikiwa kwa hati ya kudumu, ilizaliwa ndani ya hati hiyo, na yeyote aliyewahi kununua kiwanja Wakiso au Mukono, kisha akajikuta amebanwa kati ya mwenye hati na mwenye kibanja, yaani mkazi anayeitumia ardhi hiyo bila kuwa na hati, anajua kwamba saini za watu wachache zinaweza kuwatawala hata wajukuu wa wajukuu wao. Kwa hiyo swali la nani ana mamlaka ya kuifunga nchi kwa mkataba, na ni wakati gani Bunge linaitwa kutoa neno lake, haliwahusu wanasheria peke yao.

Kila mjadala wa kurekebisha Katiba unapoanza upya hapa Uganda, hurudi hoja kwamba utaratibu wetu wa kuridhia mikataba ya kimataifa ni mlegevu na kwamba tungefanya vema kumuiga jirani. Jirani yupi? Kenya, Tanzania na Rwanda zimo pamoja nasi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki na huletewa mezani mikataba mingi ileile tunayoletewa sisi, lakini kila moja imeujenga mlango wa Bunge mahali tofauti. Nimeziweka hapa njia zao kando ya yetu kwa ajili ya mtu anayetakiwa kuchagua, awe mbunge, mwandishi wa mapendekezo ya jumuiya ya kiraia, au mwanafunzi wa sheria aliyechoka kuambiwa tu kwamba nchi fulani ina mfumo wa kufungamana (mkataba ukiridhiwa ni sheria ya nyumbani papo hapo) na nyingine ina mfumo wa kutenganisha (mkataba husubiri kutungiwa sheria). Kipimo changu kikuu ni wakati: je, Bunge huipokea karatasi nchi ikiwa bado huru kukataa, au huipokea ikiwa imekwisha kufungwa?

Neno moja, mambo mengi

Kabla ya kulinganisha, tulisafishe neno lenyewe. Kiswahili hutumia "mkataba" kwa makubaliano kati ya dola na dola, na pia kwa makubaliano kati ya Serikali na kampuni. Kiganda nacho hufanya vivyo hivyo kwa neno "endagaano". Mchanganyiko huo ulionekana wazi mwaka 2022, Bunge letu lilipoyapinga makubaliano ya kahawa ambayo Serikali ilikuwa imeyatia saini na kampuni binafsi. Wengi waliuliza kwa nini mkataba huo haukuridhiwa na Bunge kwanza, ilhali ibara ya Katiba inayohusu mikataba ya kimataifa haikuwa na la kusema juu ya jambo hilo hata kidogo. Makala hii inahusu makubaliano ya aina ya kwanza tu, yaani yale ambayo Uganda huyafanya na nchi nyingine au na jumuiya za kimataifa.

Makubaliano ya namna hiyo hupitia hatua tatu ambazo hazifai kuchanganywa. Kutia saini kwa kawaida ni kuonyesha nia, ingawa Mkataba wa Vienna wa 1969 unaizuia nchi iliyotia saini kufanya mambo ya kulivunja lengo la mkataba kabla haijaamua. Kuridhia ndiko kunakoifunga nchi mbele ya nchi nyingine. Hatua ya tatu ni kuyaingiza masharti ya mkataba katika sheria za nyumbani ili raia aweze kuyategemea mahakamani. Mkataba huohuo wa Vienna unasema kwamba nchi haiwezi kujitetea kwa sheria zake za ndani ili kukwepa wajibu wake, na unaacha upenyo mwembamba tu pale ambapo uvunjaji wa sheria ya ndani kuhusu mamlaka ya kufanya mikataba ulikuwa wa dhahiri na uligusa sheria ya msingi. Kwa maneno mengine, Bunge likiamka baada ya hatua ya pili, huwa limechelewa kuikoa nchi na wajibu huo, hata kama lina hoja nzuri kiasi gani.

Uganda: lango liko mikononi mwa Baraza la Mawaziri

Ibara ya 123 ya Katiba ya 1995 ni fupi. Inampa Rais, au mtu aliyeidhinishwa naye, mamlaka ya kufanya mikataba na nchi yoyote au jumuiya yoyote ya kimataifa kuhusu jambo lolote, kisha inaliagiza Bunge litunge sheria ya kusimamia uridhiaji. Bunge lilitunga sheria hiyo mwaka 1998, na humo ndimo lilimojipunguzia kazi. Mikataba yote huridhiwa na Baraza la Mawaziri, isipokuwa ya aina mbili inayohitaji azimio la Bunge: ile inayohusu kusitisha vita, kutofungamana na upande wowote vitani, au amani, na ile ambayo Mwanasheria Mkuu wa Serikali amethibitisha kwa maandishi kwamba utekelezaji wake nchini utahitaji kuibadili Katiba. Mikataba iliyoridhiwa na Baraza la Mawaziri inatakiwa kuwekwa mezani Bungeni mapema iwezekanavyo, lakini itakuwa imekwisha kuridhiwa.

Itazame aina ile ya pili kwa makini. Funguo ya mlango wa Bunge imekabidhiwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ambaye kwa mujibu wa Katiba ni waziri anayeketi katika Baraza lilelile linalotaka kuridhia. Asipoandika cheti, mlango haufunguki. Simtuhumu mtu yeyote, maana tatizo ni la muundo, na lingekuwepo hata kama cheo hicho kingeshikwa na malaika.

Kinachoshangaza zaidi ni kwamba Katiba hiyohiyo ni kali sana kwa mikopo. Ibara ya 159 inakataza Serikali kukopa bila idhini iliyotolewa na sheria ya Bunge, na masharti ya mkopo hayaanzi kutumika mpaka yawekwe mbele ya Bunge na kupitishwa kwa azimio. Mkopo wa kutengeneza barabara ya wilaya moja, kwa hiyo, hujadiliwa na kamati na kupigiwa kura kabla haujaanza kufanya kazi, ilhali mkataba wa kugawana maji ya mto, au wa kuondoa ushuru kwa bidhaa za bara zima, unaweza kuifunga nchi kwa kikao kimoja cha mawaziri. Eneo Huru la Biashara la Afrika, tuliloliridhia mwishoni mwa 2018, ni mfano wa mkataba ambao kwa sheria ya 1998 haukuhitaji kura ya mbunge hata mmoja.

Upande wa pili wa mfumo wetu ni mkali kuliko wa kwanza. Kwa kuwa ibara ya 79 inasema kwamba hakuna mtu wala chombo chenye mamlaka ya kuweka masharti yenye nguvu ya sheria isipokuwa Bunge, au kwa idhini ya sheria ya Bunge, mkataba ulioridhiwa na mawaziri hauwi sheria ya nyumbani mpaka utungiwe sheria. Hapo ndipo kasi ya mwanzo hugeuka kuwa uzembe wa mwisho. Uganda ilijiunga na Mkataba dhidi ya Mateso mwaka 1986, na sheria ya kuzuia na kukataza mateso ikatungwa mwaka 2012, miaka 26 baadaye. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ulizipa nchi wanachama miezi 12 kutunga sheria za kuutekeleza. Sheria yetu ni ya mwaka 2002. Mkataba wa Roma ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai tuliuridhia mwezi Juni 2002, lakini sheria ya kuutekeleza ni ya mwaka 2010. Pengo hilo lilitugharimu: waendesha mashtaka walipomfikisha mahakamani Thomas Kwoyelo, kamanda wa zamani wa waasi wa LRA, walilazimika kuanza na makosa yaliyo chini ya sheria ya Mikataba ya Geneva ya mwaka 1964, kwa kuwa sheria ya 2010 haikuweza kurudishwa nyuma kuyafikia matendo yaliyodaiwa kutendwa kabla yake. Kesi hiyo ilifika mwisho wa hukumu mwaka 2024.

Hata hivyo kuna uchochoro usiotajwa mara nyingi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 1997 inasema kwamba makubaliano ya kimataifa ya kodi kati ya Uganda na nchi nyingine yanakuwa na nguvu kana kwamba yameandikwa ndani ya sheria hiyo, na pale yanapopingana nayo, makubaliano ndiyo hushinda, isipokuwa katika maeneo machache, hasa yale ya kuzuia ukwepaji wa kodi. Baraza la Mawaziri likiridhia mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili, kwa hiyo, linabadilisha kiasi ambacho nchi itakusanya kutoka kwa wawekezaji wa upande ule bila Bunge kupiga kura juu ya maneno ya mkataba wenyewe. Nchi inayojinadi kwamba mkataba hauwi sheria bila Bunge imeuacha mlango huo wazi katika jambo la fedha, ambalo tangu zamani ndilo Mabunge yaliundiwa kulisimamia.

Anayedhani kwamba haya ni mambo ya makaratasi na alikumbuke tamko fupi ambalo Uganda iliwasilisha Oktoba 1963, mwaka mmoja tu baada ya Uhuru, la kukubali mamlaka ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague. Ibara ya 287 ya Katiba ya 1995 ilihakikisha kwamba wajibu wa kimataifa uliorithiwa tangu tarehe 9 Oktoba 1962 unaendelea. Tamko hilo lilikuwa sehemu ya njia iliyoiwezesha Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kutushtaki. Hukumu ikatolewa mwaka 2005, na Februari 2022 mahakama ikaiamuru Uganda ilipe dola za Marekani milioni 325, kwa awamu tano za milioni 65 kila mwaka. Hakuna mbunge wa 2022 aliyekuwa Bungeni mwaka 1963, lakini fedha zilitoka katika bajeti aliyoipitisha yeye.

Kenya: Bunge kabla, na sheria papo hapo

Katiba ya Kenya ya 2010 iliingia upande mwingine kabisa. Ibara ya 2(6) inasema kwamba mkataba wowote ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria za Kenya chini ya Katiba hiyo. Baada ya kuandika sentensi hiyo, Wakenya walitambua kwamba bila ulinzi wa ziada waziri angeweza kutunga sheria kwa kutuma hati ya kuridhia New York au Addis Ababa. Sheria yao ya kufanya na kuridhia mikataba, ya mwaka 2012, ni jibu la hofu hiyo.

Chini ya sheria hiyo, Baraza la Mawaziri likikubali kuridhia, kazi huwa haijaisha. Waziri anaupeleka mkataba kwa Spika wa Bunge la Taifa pamoja na waraka wa maelezo unaoonyesha malengo ya mkataba, athari zake kwa Katiba, wajibu utakaoiangukia nchi, gharama zake, sheria zitakazohitaji kubadilishwa, na vifungu ambavyo nchi ingependa kujitenga navyo. Kamati husika inatakiwa kuwashirikisha wananchi. Bunge linaweza kukubali, kukubali pamoja na tahadhari juu ya vifungu fulani, au kukataa. Na likikataa, Serikali hairuhusiwi kuridhia. Waraka huo wa maelezo ndio ninaouona kuwa hazina ya mfumo mzima, kuliko hata kura yenyewe, kwa sababu mbunge wa kawaida hana muda wa kusoma kurasa 400 za mkataba wa biashara, lakini anaweza kusoma kurasa 12 zinazomwambia shilingi ngapi zitatoka na sheria gani itaguswa.

Udhaifu wake upo, na una sehemu mbili. Ya kwanza ni kwamba sheria ya 2012 inaigusa mikataba ya nchi nyingi, lakini mikataba ya nchi mbili inaguswa tu ikiwa inahusu mambo yaliyotajwa, kama usalama, mipaka na uhuru wa nchi, haki na wajibu wa raia, au mazingira na maliasili. Makubaliano ya kiufundi na ya kiutawala huachwa nje. Mstari kati ya makundi hayo si mnyoofu. Mwaka 2019 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliubatilisha utaratibu uliotumika kuupa nguvu mkataba wa kodi kati ya Kenya na Mauritius, na sababu yake ilikuwa kwamba tangazo la kisheria la kuutekeleza halikuwekwa mbele ya Bunge kama sheria nyingine ilivyodai. Mkataba wa kodi, kwa mara nyingine, ndio ulioteleza.

Sehemu ya pili ni ile sentensi ya ibara ya 2(6), ambayo imezisumbua mahakama tangu mwanzo. Mwezi mmoja tu baada ya Katiba mpya kutangazwa, Septemba 2010, jaji mmoja alisema kwamba mdaiwa asifungwe jela kwa kushindwa kulipa deni, kwa kuwa Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa unakataza, na mkataba huo sasa ni sheria ya Kenya. Majaji wengine hawakukubali kwamba mkataba unaweza kuifuta sheria iliyotungwa na Bunge. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Mitu-Bell kuhusu wakazi waliobomolewa nyumba zao karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, iliyapunguza makali ya ibara hiyo, ikaitazama sheria ya kimataifa kama chanzo cha kujazia pale ambapo haigongani na Katiba wala sheria za nchi. Kwa hiyo hata raia wa Kenya anayebeba mkataba ulioridhiwa kuingia nao mahakamani hana uhakika kwamba utamfikisha mbali kuliko sheria ya kawaida.

Tanzania: Bunge kabla, sheria baadaye

Ibara ya 63(3)(e) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya 1977 inalipa Bunge mamlaka ya kujadili na kuridhia mikataba yote inayoihusu Jamhuri ya Muungano ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Hakuna orodha ya mada wala cheti cha Mwanasheria Mkuu. Mkataba wenyewe ukisema unahitaji kuridhiwa, unakwenda Dodoma. Ukisha kuridhiwa, unasubiri sheria ya utekelezaji kama ilivyo kwetu, kwa hiyo mahakama hazijatwishwa mzigo wa kukisia kama mkataba umekuwa sheria au la.

Nguvu ya utaratibu huu ilionekana katika Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya. Mazungumzo yalikamilika Oktoba 2014, na tarehe 1 Septemba 2016 Kenya na Rwanda zikatia saini. Tanzania ilisita, ikaupeleka mjadala Bungeni mwezi Novemba mwaka huo, na wabunge wa chama tawala na wa upinzani wakaukataa kwa pamoja, wakihofia viwanda vichanga na mapato ya ushuru. Uganda nayo haikutia saini, ikitaka Jumuiya iende kwa pamoja, lakini msimamo huo ulitoka Serikalini. Raia wa Uganda aliyetaka kujua hoja za pande zote mbili alizisikia katika redio za Tanzania. Hatimaye Kenya ilikwenda peke yake, ikatia saini mkataba wake na Umoja wa Ulaya tarehe 18 Desemba 2023, nao ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024.

Udhaifu wake nao ulionekana katika suala la bandari. Makubaliano ya kiserikali kati ya Tanzania na Dubai, yaliyotiwa saini Oktoba 2022, yalifika Bungeni na kuridhiwa tarehe 10 Juni 2023. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa kuliko za mkataba mwingine wowote ninaoukumbuka katika ukanda huu: watu waliuliza ukomo wa muda uko wapi, na kama Dubai, ambayo ni sehemu tu ya dola, ina uwezo wa kufanya mkataba wa kimataifa. Malalamiko ya kwamba wananchi hawakupewa nafasi ya kutosha kutoa maoni yalifikishwa Mahakama Kuu kanda ya Mbeya, nayo ikaitupilia mbali kesi hiyo Agosti 2023. Somo langu kutoka hapo ni dogo lakini lina uzito: ibara inayotaka Bunge liridhie, bila sheria inayotaja siku za matangazo, waraka wa maelezo na namna ya kusikiliza wananchi, huligeuza Bunge kuwa mahali pa kusema ndiyo au hapana kwa haraka.

Rwanda kwa ufupi

Rwanda ina urithi wa sheria wa Kibelgiji, hivyo si rahisi kuuiga mfumo wake kipande kipande. Katiba yake inamwachia Rais kujadiliana na kuridhia, lakini inataja mikataba inayohitaji idhini ya Bunge kwanza: ya amani, biashara, kujiunga na jumuiya za kimataifa, inayogusa fedha za Serikali, inayobadili sheria zilizopo, au inayohusu hadhi ya watu. Mkataba ukishachapishwa katika Gazeti Rasmi unakuwa na nguvu ya sheria, juu ya sheria za kawaida ingawa chini ya Katiba na sheria za msingi. Mambo mawili tungeweza kuyakopa bila kubadili mfumo wetu: orodha ya mada, ambayo ni pana kuliko vita na amani tu, na desturi ya kuchapisha katika Gazeti linalotoka kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Kwetu, kumpata raia aliyewahi kuona maneno kamili ya mkataba ulioridhiwa kwa jina lake, sembuse kwa lugha yake, ni kazi. Kiswahili chenyewe kimeonja hilo: Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kutekelezwa kwa uamuzi wa wakuu wa nchi wa Jumuiya wa Februari 2021 wa kukifanya lugha rasmi, ilhali ibara ya 6 ya Katiba, tangu marekebisho ya 2005, inasema kitatumika katika mambo ambayo Bunge litayaweka kwa sheria.

Mkataba uliobeba jina la Entebbe

Upo mkataba mmoja unaotufaa kama kipimo cha haki, kwa sababu wote wanne tuliutia saini mwezi Mei 2010: Makubaliano ya Mfumo wa Ushirikiano wa Bonde la Mto Nile, ambayo wengi huyaita mkataba wa Entebbe. Mtu angetarajia kwamba nchi ambako mawaziri wanatosha ingeridhia kwanza na nchi ambako Bunge lazima likubali ingechelewa. Haikuwa hivyo. Rwanda iliridhia mwaka 2013, Tanzania, pamoja na Bunge lake, mwaka 2015, na Uganda, nchi mwenyeji, ikasubiri hadi 2019. Mkataba ulipoanza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024, Kenya haikuwa miongoni mwa nchi sita zilizouwezesha. Nautoa mfano huu hasa kwa wale wanaodai kwamba kumpelekea mbunge karatasi kutaichelewesha nchi. Ucheleweshaji wetu wa miaka tisa haukusababishwa na mbunge hata mmoja.

Nani achague nini

Anayehofia zaidi Serikali kuifunga nchi kimyakimya atapata kinga nzuri katika utaratibu wa Kenya wa kupeleka mkataba Bungeni kabla ya kuridhia, ukisindikizwa na waraka wa maelezo. Anayehofia zaidi haki zilizoridhiwa kubaki makaratasi kwa miaka 26 atavutwa na ibara ya 2(6) ya Kenya au kanuni ya Rwanda ya Gazeti Rasmi, lakini akumbuke kwamba mahakama za Kenya zimeshindana kwa zaidi ya miaka kumi juu ya maana ya sentensi hiyo moja. Anayetaka urahisi wa kanuni, ili hata diwani wa Tororo aweze kueleza ni mkataba gani unakwenda Bungeni na upi hauendi, hatapata iliyo nyepesi kuliko ya Tanzania. Na yule anayeona kwamba mambo ya nje yanahitaji wepesi na usiri, na kwamba wabunge wanapewa nafasi ya kutosha pale wanapotunga sheria ya utekelezaji, anaweza kubaki na utaratibu wetu. Ila hoja yake inadhoofishwa na mikataba ya kodi, ambayo haipitii nafasi hiyo.

Mimi ningechukua mlango wa Tanzania na karani wa Kenya. Yaani mkataba wowote unaohitaji kuridhiwa upite Bungeni kwanza, kama ibara ya 63 inavyotaka, na uwe na muda uliotajwa, ukiambatana na waraka wa maelezo na usikilizaji wa wananchi kama sheria ya 2012 inavyodai. Kanuni ya kwamba mkataba ni sheria papo hapo nisingeichukua. Ningependelea sheria iweke kikomo, tuseme miezi 12 kama Mkataba wa Jumuiya ulivyofanya, ambamo Mwanasheria Mkuu alete mswada wa utekelezaji au aeleze Bungeni kwa nini hauhitajiki. Ningeongeza pia kifungu kuhusu kujitoa, maana ibara ya 123 haisemi lolote juu yake, na Afrika Kusini ilijifunza mwaka 2017, mahakama ilipozuia Serikali kujitoa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai bila Bunge, kwamba ukimya wa namna hiyo huishia kortini.

Hakuna haja ya kuigusa Katiba kwa lolote kati ya hayo. Ibara ya 123(2) imeliachia Bunge lenyewe kutunga sheria ya kuridhia, kwa hiyo mswada wa kawaida wa kuirekebisha sheria ya 1998 unatosha, bila theluthi mbili wala kura ya maoni. Kazi ngumu itakuwa kuiandika orodha ya misamaha, kwa sababu hakuna anayetaka Bunge lipigie kura kila makubaliano ya ratiba za ndege au ya kubadilishana wanafunzi. Wakati wa kuiandika orodha hiyo, mikataba ya kodi isiwemo.